Kwa nini wageni wa Kigoma wanakumbuka siku waliyokwama kuliko siku waliyotembezwa?

Mwisho wa Reli (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kabla hamjaniuliza: hapana, sitafuti wateja, na jina la gesti yangu sitaliandika humu.

Nina gesti ndogo Mwanga, hapa Kigoma mjini. Pale mapokezi kuna madaftari mawili. La kwanza ni lile la kisheria, kila aliyewahi kulala gesti nchi hii analijua: jina, kabila, utokako, uendako, sahihi. La pili nililinunua mwenyewe, anayetaka anaandika neno la kuaga. Wengi huandika "asante, maji ya moto yalikuwepo" wakaenda zao. Ila wapo wanaokaa kwenye kochi wakajaza ukurasa mzima, na hao ndio walionifanya nifungue uzi huu.

Mgeni wa mbali huja huku kwa sababu zinazojulikana. Sokwe wa Gombe, sokwe wa Mahale, ziwa lenyewe, na ile makumbusho ya Ujiji ya Livingstone na Stanley. Analipa hela ndefu kwa hayo, hasa hao sokwe. Lakini akirudi, ukisoma alichoandika, sokwe wamepewa sentensi moja na ziwa nusu sentensi. Ukurasa uliobaki ni habari za siku ambayo mambo yaliharibika. Boti ya Kibirizi iligoma kuondoka kwa kuwa ziwa lilichafuka. Treni ililala Kaliua. Pikipiki ilikata mnyororo njia ya Kalinzi na giza linaingia. Na ndani ya siku hiyo lazima yupo mtu: mama aliyesogeza kigoda, kijana aliyeacha shughuli zake akamsindikiza, mzee aliyesema "utalala hapa" bila kuuliza wala kusubiri jibu.

Mimi naona sababu ni hii. Kigoma ni mji wa kungoja. Reli ilifika hapa mwaka 1914, ikakoma majini, kilomita kama 1,250 kutoka Dar es Salaam, na tangu hapo kila anayekuja anashuka kwenye kitu kimoja na kusubiri kingine. Hata meli ya Liemba, mnajua historia yake. Wajerumani waliileta vipandevipande kwa reli hiyohiyo, wakaiunganisha hapa, ikaingia majini 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha kwa mikono yao isiangukie kwa adui. Waingereza wakaiibua 1924, ikaanza safari upya 1927 na jina jipya. Yaani hapa hata meli imewahi kungoja, tena chini ya maji.

Siku ya ratiba mwenyeji wako ni mtu wa biashara. Hakuna ubaya, mimi mwenyewe ni mtu wa biashara. Anakutabasamia, unamlipa, mnaagana. Siku ya kukwama hakuna aliyekutarajia, kwa hiyo hakuna aliyekuandalia bei. Unakaa tu pale kwenye mchanga na begi lako, na yeyote anayekuja kukusemesha amekuja kwa hiari yake. Nafikiri binadamu, hata awe wa nchi gani, anautambua upesi sana ukarimu usio na ankara nyuma yake.

Halafu lipo hili la kazi. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wengi wanaitumia kama kijembe kwa mgeni asiyeondoka. Mimi nimeona Katonga mgeni aliyekwama anapewa ungo achambue dagaa pamoja na wenye nyumba, atoe kokoto na vijani. Anachambua vibaya, wanamcheka, mtoto anamwelekeza. Hakuna kitu watu hao wanakiandika kwenye daftari langu kwa majivuno kama hicho. Mlo hawautaji sana. Wanaandika kwamba walichambua dagaa na kina mama, wakachekwa.

Sasa nataka kusikia kwenu. Mliowahi kufika Kigoma, kimewabakia nini? Na wenyeji wenzangu, ni kweli sisi ni wakarimu au tunajipaka mafuta wenyewe?

Kiti cha Mbele

Nimekaa. Karanga ninazo.

Behewa la Tatu

Mleta uzi umenigusa. Mimi Kigoma nimefika mara nyingi kwa shughuli za mbao na mawese, na karibu zote kwa treni, ile ya reli ya zamani. Ukiniuliza Kigoma ikoje nitakuanzia safari tangu Dodoma.

Daraja la tatu hamna mgeni. Mkishapita Tabora mko ndugu. Mtu ananunua asali, inazunguka. Mwingine ananunua kuku wa kuchemsha dirishani, anararua paja anakupa bila kukutazama usoni, kama anayempa mdogo wake. Uvinza wanapanda na mifuko ya chumvi, na hapo uombe Mungu miguu yako iwe na pa kukaa. Kuna mama alinipakatisha mtoto wake akaenda kujinyoosha behewa la pili. Akarudi saa nzima baadaye. Hakuniuliza jina wala natoka wapi. Nimesahau bei ya mbao za safari ile, mtoto yule sijamsahau, alinikojolea.

Daraja la kwanza nililipanda kwa hisani ya bosi. Nililala vizuri. Basi.

Nyota ya Kasulu

Samahani nitaharibu sherehe.

Mnasema ukarimu, ukarimu. Ukarimu kwa nani? Mzungu akikwama Kibirizi anasogezewa kigoda, sawa. Mimi ni Muha, nimezaliwa Kasulu, baba yangu kazaliwa Kasulu. Nikipanda basi kutoka nyumbani kwenda Mwanza ninateremshwa njiani naulizwa kitambulisho, naulizwa babu yako anaitwa nani, imba wimbo wa taifa. Kwa sababu ya lafudhi na pua. Watu wa Kigoma mnaosoma hapa mnajua ninachosema. Kwa hiyo ukiniuliza kumbukumbu ya safari, yangu ni kusimama pembeni ya barabara nikiangalia basi kama litanisubiri.

Nilishawahi kuwa mgeni nchini kwangu mwenyewe, na mwenyeji wangu siku hiyo hakuwa na kigoda.

Mwisho wa Reli (mleta uzi)

Nyota ya Kasulu, hujaharibu chochote, ulichosema ni kweli na hakuna mtu wa mkoa huu atakayekubishia. Ila nisaidie jambo moja. Basi lilikusubiri?

Nyota ya Kasulu

Safari moja lilisubiri. Abiria ndio waligoma lisiondoke. Kulikuwa na bibi mmoja amekaa karibu na dereva, akasema kama huyu mtoto anabaki na mimi nabaki, na mizigo yangu ishusheni. Alikuwa na magunia.

Ndiyo, namkumbuka kuliko yule aliyenishusha. Najua unakotaka kunipeleka.

Mwisho wa Reli (mleta uzi)

Sikupeleki popote mkuu. Ila umenikumbusha Kagunga.

Vijana wengine humu labda hawajui. Mei 2015, Burundi ilipochafuka, watu walikimbilia Kagunga, kijiji cha wavuvi pale mpakani. Mlima nyuma, ziwa mbele, kutoka ni kwa boti au kupanda mlima kwa miguu. Kijiji kidogo kilijikuta kina wageni wengi kuliko wenyeji, makumi ya maelfu wamelala ufukweni, na kipindupindu kikaingia. Liemba ndiyo iliyokuwa ikiwachota na kuwaleta mjini, wakapitishwa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Na Nyarugusu yenyewe ilikuwapo tangu 1996 kwa ajili ya Wakongomani. Kabla ya hapo kulikuwa na Warundi wa 1972 na wa 1993.

Ninachosema ni kwamba mkoa huu neno mgeni halikuanzia kwa mtalii. Mtalii amekuta njia imeshapigwa. Sisemi tuliwapokea wote vizuri, kulikuwa na manung'uniko ya kuni, mashamba na wizi, na yapo mpaka leo. Lakini mtu aliyekulia kwenye nyumba ambayo usiku wowote inaweza kubishwa hodi na familia yenye mabunda kichwani, huyo akimwona Mswidi mmoja amekosa boti hatetemeki. Anasema tu, sogea hapa kivulini.

Mwalimu wa Zamu

Naomba niingize ya darasani kidogo, msinikimbie.

Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alifanya jaribio na wenzake likachapishwa 1993. Mtu anatumbukiza mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, yanauma kwelikweli. Baada ya kupumzika anarudia kwa mkono mwingine, sekunde 60 zilezile, ila safari hii hatoi mkono, anaongezewa sekunde 30 huku maji yakipashwa kidogo mpaka nyuzi 15. Bado ni baridi, ni nafuu ndogo tu. Halafu akaulizwa: tukirudia, unachagua ipi? Wengi walichagua ile ndefu. Yaani walichagua maumivu mengi zaidi, kwa sababu yaliisha kwa nafuu.

Hitimisho lao ni kwamba kumbukumbu haijumlishi dakika. Inachukua pale palipokuwa pakali zaidi, au patamu zaidi, na inachukua mwisho. Urefu wa jambo karibu haiuhesabu.

Sasa mtazame mgeni wa Kigoma. Amekaa kwenye treni au basi mpaka mgongo umekufa. Amefika ziwani, boti hakuna. Huo ndio ukali wa safari yenyewe. Na palepale kwenye ukali anatokea mtu na kikombe cha chai ya tangawizi. Jambo baya kabisa na jambo zuri kabisa vinagongana saa moja. Siku ya Gombe haina nafasi ya kushindana na hiyo, maana siku ya Gombe kila kitu kilikwenda kama alivyoahidiwa.

Ndiyo maana pia sikubaliani na mleta uzi asilimia mia. Anadhani ni ukarimu wetu. Mimi nasema nusu ni ukarimu, nusu ni ubaya wa usafiri. Boti zikianza kuondoka kwa saa, daftari lako litakuwa na "asante, maji ya moto yalikuwepo" ukurasa hadi ukurasa.

Kiti cha Mbele

Mwalimu umeua. Sasa serikali isitengeneze usafiri?

Mwalimu wa Zamu

Itengeneze haraka. Mimi nina mgonjwa wa kumpeleka hospitali mara kwa mara, kumbukumbu tamu sizihitaji.

Binti Manyema

Nimesoma posti zote nikitafuta kitu kimoja sijakiona. Mnasema mwenyeji, mwenyeji. Mwenyeji ni nani hasa?

Mimi nimekulia Ujiji, nyumba ya baba mpenda wageni. Baba akikutana na mtu kituoni anarudi naye. Saa tatu usiku mnasikia "hodi, nina mgeni." Baba anakaa naye barazani anamsimulia habari za Ujiji ya zamani, misikiti, miembe, biashara za Kongo. Mgeni amefurahi, anacheka. Nyuma ya nyumba mama anawasha jiko upya. Mkaa ulishazimwa. Unga wa muhogo uliobaki ni wa asubuhi. Mimi natumwa kugonga kwa jirani kuomba migebuka miwili na kijiko cha mawese, dada anatandua kitanda chetu, tunahamia chini kwenye mkeka. Asubuhi maji ya kuoga ya mgeni yamechemshwa kabla ya adhana ya alfajiri.

Barua zilikuja mpaka nyumbani. Kadi za Krismasi, tena kwa familia ya Kiislamu, hatukujali. Zote kwa jina la baba. "Hatutasahau ukarimu wako." Mama hakujua kusoma, alikuwa anazipanga kabatini kwa uzuri wa picha.

Simlaumu baba, alikuwa mtu mwema na alipenda watu kweli. Na mama naye alipenda, msinielewe vibaya, alikuwa anaimba akipika. Ila mgeni anaondoka na kumbukumbu ya baraza. Jikoni hakufika. Kama mleta uzi anataka kujua ukarimu unajenga kumbukumbu gani, aulize pia unajengwa na nani. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, samaki wabichi hakuna, waliobaki bei imepaa, mgeni bado alikuja na bado alitarajia mgebuka kwa sababu ameambiwa Kigoma ni mgebuka. Nani alihangaika? Mwenyeji wa barazani?

Behewa la Tatu

Dada umenifunga mdomo. Nimekula nyumba nyingi sana za Ujiji na Bangwe, na nikijiuliza sasa majina ya waliopika, nina jina moja tu.

Mtu wa Gungu

Binti Manyema yuko sahihi lakini mambo yamebadilika. Siku hizi mgeni akija kwangu namwambia ukweli, mke wangu yuko kazini, ugali tutasonga wote. Wageni wa nje wanaipenda hiyo kuliko chochote. Mmoja alisonga ukawa uji, tukanywa uji.

Binti Manyema

Mtu wa Gungu, "tutasonga wote" halafu vyombo anaosha nani?

Mtu wa Gungu

Nimeitwa nje kidogo wakuu, narudi.

Msomaji wa Ujiji

Kwa kuwa Ujiji imetajwa, niseme jambo ambalo hunikera kila nikipita pale kwenye mnara.

Dunia nzima inajua Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, Novemba 1871, na inajua ile salamu yake ya kizungu. Kitu kilichotangulia siku chache kabla ya hapo hakijulikani. Livingstone aliingia Ujiji Oktoba akiwa mgonjwa, amekonda, akitegemea kukuta bidhaa zake alizotumiwa kutoka pwani. Akakuta mtu aliyekabidhiwa, aliyeitwa Sherif, ameziuza zote. Mzee wa watu akabaki hana kitu, mbele yake ni kuombaomba kwa wafanyabiashara wa mji.

Hapo akaja Said bin Majid, mfanyabiashara Mwarabu wa palepale Ujiji (si yule Sultani wa Zanzibar, majina yanafanana kwa kupinduana). Alimfuata wakiwa wawili peke yao, akamwambia yeye hana bidhaa lakini ana pembe za ndovu, amruhusu auze kidogo ampe thamani yake. Livingstone alimshukuru akasema ngoja kwanza. Mwenyewe aliliandika hilo kwenye shajara yake, na bila hiyo shajara leo tusingelijua kabisa. Kisha Stanley akatokea na msafara na bendera, Susi, mtumishi wa Livingstone, akamkimbilia kumpokea, na yaliyobaki mnayajua.

Mnara umesimama kwa ajili ya wageni wawili waliosalimiana. Aliyetaka kuuza mali yake amsaidie mgonjwa hana hata kibao. Nikiwa na madaraka ningeweka.

Nikupe na mfano wa upande wa pili. Burton na Speke, wavumbuzi wa Kiingereza, walipita njia hiyohiyo, Tabora Novemba 1857, Ujiji Februari 1858. Kule Tabora, enzi hizo wakipaita Kazeh, walipokewa na Snay bin Amir, na Burton alimsifu sana yeye na Waarabu wenzake kwa ukarimu. Waafrika hakuwasifu, aliwaita wabahili na wachoyo. Wakati wanafika ziwani huyo bwana alikuwa hawezi kutembea, anabebwa, na Speke macho yamefumba haoni ziwa walilolijia. Waliombeba ni akina nani? Wapagazi. Waliompikia, waliomvusha mto Malagarasi, waliomkuta amelala na homa hawakumtupa porini?

Kwa hiyo Mwalimu, ongeza kwenye hesabu yako. Kumbukumbu ya mgeni inategemea pia alichokuja nacho kichwani. Aliyekuja anaamini huku hakuna watu, hata ukimbeba mgongoni ataandika alitembea.

Mwisho wa Reli (mleta uzi)

Msomaji, hiyo ya pembe za ndovu sikuwa naijua, na nimezaliwa umbali wa kutupa jiwe kutoka hapo. Kesho nawasimulia vijana wa bodaboda, wao ndio wanaopeleka watu makumbusho.

Na Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe? Alipofika Julai 1960 si alikwama mjini kwanza?

Msomaji wa Ujiji

Alikwama. Kongo ilikuwa ndiyo imepata uhuru na mambo yameharibika, Wabelgiji wanavuka ziwa wakikimbia, Kigoma imefurika. Yeye na mama yake, maana wakubwa wa kikoloni walikataa binti akae porini peke yake, wakapiga hema kwenye viwanja vya gereza, wakawa wanasaidia kuandaa mikate ya nyama ya kopo kwa wakimbizi. Yaani hata yeye alipewa jembe, tena mapema.

Halafu kule Gombe mama yake akafungua kahospitali kadogo chini ya mti, wavuvi wakawa wanakuja na vidonda vyao. Watu hulisahau hilo, lakini ukiwauliza wenyeji wa vijiji vya pwani ile kwa nini yule binti alikubalika, jibu linaanzia kwa mama na dawa. Sokwe walikuja kumzoea baadaye.

Kwa hiyo ukarimu haukwenda upande mmoja. Alifariki Oktoba 2025, na nilivyosikia watu wakimzungumzia hapa mjini ilikuwa kama msiba wa jirani aliyehamia mbali.

Nyota ya Kasulu

Hapo sasa mmefika mahali. Mgeni anayetoa kitu. Sisi tumezoea kumpakulia mgeni tu, na yeye amezoea kupakuliwa.

Pesa Makaratasi

Tuongee hela sasa maana hapo ndipo kila uzi wa namna hii unapokwepa. Mimi ni nahodha wa boti, sisemi njia ipi. Mgeni akilala kwa mtu kijijini kwa sababu boti yangu imekwama, asubuhi anatoa noti. Wazee wanakataa, vijana wanapokea. Kijiji kimoja ilishazua ugomvi, nyumba ya kwanza walipewa na ya pili hawakupewa. Sasa siku hizi nikikwama naona watoto wanakimbilia wageni kuwagombania, "lala kwetu, lala kwetu." Huo bado ni ukarimu?

Behewa la Tatu

Hiyo ni gesti isiyolipa kodi. Mleta uzi atawashtaki.

Mwisho wa Reli (mleta uzi)

Haha, sishtaki mtu. Lakini Pesa Makaratasi ameuliza swali la maana, na mimi nina msimamo wangu.

Kumpa mwenyeji noti asubuhi, mkononi, mbele ya watu, ni kumgeuza mfanyakazi wako kwa kurudi nyuma. Jana usiku alikuwa baba mwenye nyumba, leo asubuhi umemlipa mshahara. Mzee akikataa hakatai hela, hela anazihitaji, anakataa usiku wake usibadilishwe jina. Lakini kuondoka mikono mitupu nako ni kuwabebesha watu maskini gharama ya safari yako, na Binti Manyema ameshatuonyesha gharama hiyo inalipwa jikoni.

Desturi yetu wenyewe ilishamaliza hili zamani. Mgeni haji mikono mitupu, anakuja na kitu. Ukishakuwa na kitu cha kukabidhi mlangoni, asubuhi hudaiwi. Na kama umelala bila kutarajia, hukubeba kitu, basi nenda dukani palepale kijijini, nunua, mpelekee mama mwenye nyumba mwenyewe, nyuma, jikoni. Siyo barazani.

Binti Manyema

Hapo umesema. Mama yangu angekupa kuku.

Pesa Makaratasi

Nitawaambia abiria wangu hivyo. Ila na wale watoto wanaogombania wageni ufukweni?

Mwisho wa Reli (mleta uzi)

Hao waache wagombanie, siku hizi kila kitu kina ushindani. Mgeni mwenyewe ataona tofauti. Nina hakika kwa sababu ninawasoma kwenye daftari. Wapo walioandika kwamba walilala kwenye nyumba fulani na walilipa, ni sentensi moja, kama sokwe.

Msafiri Mpya

Wakuu nimesoma uzi wote toka juu, asanteni. Nakuja Kigoma mwezi ujao kwa treni kutoka Tabora, mara ya kwanza. Nitafikia kwa familia ya rafiki yangu, kijiji cha pwani kaskazini ya mji, boti za Kibirizi. Nibebe nini? Nilikuwa nimefikiria niwapelekee samaki wakavu wazuri, kuna mtu ananiuzia.

Behewa la Tatu

Samaki. Kigoma. 😂😂😂

Nyota ya Kasulu

Mwacheni jamani, amekuja kwa nia njema.

Binti Manyema

Msafiri, sikiliza shangazi yako. Beba sukari, majani ya chai, sabuni za mche na mchele wa huko kwenu Tabora kama mfuko unabebeka. Asali ya Tabora pia, hiyo watakukumbuka nayo. Kanga moja ya mama mwenye nyumba, usinunue nyeusi. Ukifika salimia wazee kwanza, "mwidiwe" itakutosha kuanzia, utachekwa lakini utakaribishwa. Boti ya Kibirizi uliza ya mchana siku hiyohiyo, usitegemee ulichoambiwa jana. Na mzigo wa sukari ufunge kwenye nailoni, mawimbi yanaingia.

Pesa Makaratasi

Na ukiona nahodha amekaa anakunywa chai saa ya kuondoka imepita, usimkasirikie. Anaangalia maji.

Mtu wa Gungu

Nimerudi. Vyombo nimeosha.